Vipimo vya TB ya nje ya mapafu kwa anayesafishwa damu: kipi kinafaa, kipi kinapoteza muda

Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu huonwa na wahudumu mara tatu kwa wiki. Kila anapofika hupimwa uzito, presha na joto, na bado TB ya nje ya mapafu inaweza kukaa mwilini mwake kwa miezi bila kujulikana. Hakohoi. Picha ya kifua ni safi. Homa ni ya nyuzi 37.8 za jioni, inakuja na kuondoka, na kila mtu anaitupia lawama katheta, yaani mrija uliowekwa kwenye mshipa wa kusafishia damu. Hatari yake ya kuugua TB ni kubwa mara kadhaa kuliko ya mtu mwenye figo nzima, hasa katika mwaka wa kwanza wa dialisisi (huko kusafishwa damu), na sehemu kubwa ya TB hiyo hushambulia tezi, utando wa tumbo, utando wa pafu, mifupa au utando unaozunguka moyo.

Tathmini hii ni ya vipimo vinavyouzwa na kutumika kuitafuta TB hiyo. Tunavipima kwa swali moja: kwa mtu huyu, ambaye kinga yake imelegea, mkojo wake umekauka na damu yake inatiwa heparini (dawa ya kuzuia isigande), kipimo kipi kitasema wiki hii kama ana ugonjwa au la? Jibu tunalitoa mapema. Katriji ya Xpert MTB/RIF Ultra, mashine inayotafuta vinasaba vya kimelea cha TB, iliyotiwa kinyama (kipande kidogo cha nyama) au usaha wa tezi, ikiandamana na kuotesha vimelea, inashika nafasi ya kwanza kwa umbali mkubwa. Vipimo vya damu vina kazi yake, lakini kazi hii haviiwezi.

Kabla ya kipimo, mizani

Hakuna mashine inayomfaa mgonjwa ambaye hakuna aliyemshuku, na dalili ya mapema kuliko zote iko kwenye mizani. Mgonjwa anapokonda, maji huchukua nafasi ya nyama iliyopotea. Mizani inasoma kilo 62 zilezile za mwezi uliopita, lakini 3 kati ya hizo sasa ni maji. Presha inapanda, miguu inavimba, akilala chali anakosa pumzi, na kwenye faili panaandikwa kwamba anakunywa maji kupita kiasi. Uzito mkavu, yaani uzito anaolengwa kuwa nao maji ya ziada yakishatolewa, usiposhushwa, kukonda kwake hakuonekani popote. Ukijikuta unaushusha kwa mara ya pili ndani ya mwezi bila sababu inayojulikana, uliza habari za homa na jasho la usiku, kisha pitisha vidole shingoni, juu ya mtulinga, kwapani na kinenani.

Dalili nyingine mbili zimo kwenye majibu ya damu ya kila mwezi. Hemoglobini inateremka ingawa dozi ya erithropoietini, dawa ya kuongeza damu, imeongezwa na madini ya chuma yapo ya kutosha. Na kalsiamu inapanda wakati homoni ya parathiroidi iko chini, kwa mtu asiyepewa vitamini D wala vidonge vya kalsiamu. Hii ya pili ina maelezo yake: seli za kinga zilizojikusanya kwenye uvimbe wa TB hutengeneza vitamini D hai zenyewe, bila kuhitaji figo. ESR na CRP, vipimo vya damu vya kuonyesha uvimbe mwilini, usizitegemee, kwa kuwa kwa wagonjwa hawa huwa juu hata wakiwa hawana TB.

QuantiFERON-TB Gold Plus na T-SPOT.TB

Hivi ndivyo vipimo vinavyoagizwa zaidi kuliko vinavyostahili. Vyote viwili huzichokoza seli za kinga za mgonjwa kwa protini za kimelea na kuangalia kama zinaikumbuka TB. Ubora wao ni kwamba chanjo ya BCG haivichanganyi, tofauti na kipimo cha ngozi. Udhaifu wao ni kwamba kuikumbuka TB na kuugua TB ni mambo mawili. Jibu chanya linaweza kutokana na maambukizi yaliyolala kwa miaka 20, na jibu hasi kwa mtu ambaye figo zake zimekufa halimtoi mgonjwa hatarini, kwa sababu sumu zinazobaki kwenye damu na lishe duni hudhoofisha seli zilezile ambazo kipimo kinazitegemea.

QuantiFERON ina mirija minne: wa kijivu usio na kichokozi, wa kijani na wa njano yenye protini za TB, na wa zambarau ambao kazi yake ni kuthibitisha kwamba seli bado zina uwezo wa kuitikia. Kila mmoja huingia mililita 1 ya damu, na mstari mweusi ubavuni unaonyesha mwisho uko wapi. Mirija hutikiswa mara 10 ili damu ilambe ukuta wote wa ndani, maana protini zimepakwa hapo, kisha hukaa kwenye nyuzi 37 kwa saa 16 hadi 24. Makosa mengi hutokea hapa. Mrija ukijazwa nusu, ukitikiswa kidogo, au ukisahaulika mezani zaidi ya saa 16 kabla ya kuingia kwenye joto, jibu huharibika na hakuna atakayejua kwa nini.

Kwa anayesafishwa damu, itoe mwanzoni mwa kipindi, sindano ikishaingia kwenye fistula (mshipa wa mkono uliounganishwa kwa upasuaji kwa ajili ya dialisisi) na kabla heparini haijapita. Kama ni katheta, vuta kwanza na kumwaga heparini iliyolala ndani yake. Damu iliyochanganyika na maji ya chumvi ya mashine ina seli chache kwa kila mililita, nawe utakuwa umejipunguzia jibu kwa mkono wako.

Mrija wa zambarau ukishindwa kuitikia, yaani kiwango chake kisipouzidi mrija wa kijivu kwa angalau uniti 0.5 kwa mililita, jibu huandikwa kuwa halisomeki. Wagonjwa wa dialisisi hupata jibu la namna hii zaidi kuliko watu wenye afya. Lisisomwe kama hasi. Maana yake ni kwamba kinga ya mgonjwa haikuweza kufanya mtihani.

T-SPOT.TB ina nafuu moja ya kweli. Seli huoshwa na kuhesabiwa, na kila kisima hupewa 250,000, kwa hiyo mgonjwa mwenye seli chache haadhibiwi kwa uchache wake. Gharama yake ni kazi: damu lazima ifike maabara ndani ya saa 8 isipotiwa kiongezi maalumu, na fundi awe na mkono mzoefu. Ukiwa na fursa ya kuchagua kati ya viwili hivi, chukua T-SPOT. Lakini kitumie kwa kazi yake, ambayo ni kumtafuta mwenye maambukizi yaliyolala kabla ya kupandikizwa figo au anapoanza dialisisi. Kwa mwenye homa na tezi shingoni, fedha hiyo iende kwenye sindano ya kuchukua sampuli.

Kipimo cha ngozi kinafuata nyuma yao. Mililita 0.1 ya tuberkulini ndani ya ngozi, kusoma baada ya saa 48 hadi 72, na kwa mgonjwa wa dialisisi uvimbe mgumu wa milimita 10 au zaidi huhesabiwa kuwa chanya. Wengi wao ngozi haiitikii kabisa hata wakiwa na TB. Kisichomwe kwenye mkono wenye fistula.

Xpert MTB/RIF Ultra

Ultra ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2017, baada ya ile ya kwanza iliyokubaliwa mwishoni mwa 2010. Tofauti kwa kazi hii ni kubwa. Katriji ya zamani ilihitaji vimelea zaidi ya 100 katika mililita moja ili ivione. Ultra huviona hata vikiwa 16 hivi. TB ya nje ya mapafu ni ugonjwa wa vimelea vichache, na darubini ya kawaida huhitaji 5,000 hadi 10,000 kwa mililita, kwa hiyo pengo hilo ndilo linaloamua kama mgonjwa atagunduliwa. Jibu hutoka ndani ya saa moja na nusu, na usugu wa rifampisini, dawa kuu ya TB, unajulikana papo hapo.

Hata hivyo mashine hii haina huruma na sampuli mbaya. Kipande cha tezi kiandaliwe hivi: kikatwe vipande vidogo kwa mkasi safi usio na vijidudu, kitiwe kwenye mililita 2 za maji ya bafa ya fosfeti, na kisagwe mpaka kiwe uji usio na mabonge. Chukua mililita 0.7 ya uji huo, ongeza mililita 1.4 za dawa ya kuandalia inayokuja na katriji, funga, tikisa kwa nguvu sekunde 10. Subiri dakika 10, tikisa tena, subiri dakika 5. Vipande vikishatulia chini, nyonya mililita 2 za juu na uzitie kwenye katriji polepole bila mapovu.

Anayeharakisha hatua ya kusaga analipa hapohapo. Bonge la nyama au damu iliyoganda huziba njia za ndani ya katriji, shinikizo hupanda, na mashine huandika kosa 2008 badala ya jibu. Katriji imekwenda, na pengine sampuli nayo imekwisha. Damu nyingi kwenye sampuli ina ubaya mwingine, wa kimya zaidi: huzuia vinasaba visizalishwe na kutoa jibu hasi la uongo. Maji ya uti wa mgongo yenye damu yanatakiwa kuzungushwa kwenye sentrifuji na kuoshwa kwanza.

Kuna jibu moja la Ultra ambalo huzua ubishi, lile la kiwango cha chini kabisa, ambapo mashine inasema imeona TB lakini haina la kusema kuhusu rifampisini. Kwa makohozi ya mtu mzima asiye na VVU jibu hilo linahitaji tahadhari. Kwa sampuli ya nje ya mapafu, Shirika la Afya Duniani linasema lichukuliwe kuwa chanya. Tunakubaliana nalo kabisa, isipokuwa mgonjwa aliwahi kutibiwa TB miaka ya karibuni: hapo vinasaba vya vimelea vilivyokufa vinaweza kuonekana, na kuotesha ndiko kutakakoamua.

Alama tunazoipa zinategemea kinachotiwa ndani. Kwa usaha au nyama ya tezi: juu sana. Kwa nyama ya mfupa wa uti wa mgongo au usaha wa kiungo: juu. Kwa maji ya uti wa mgongo: juu, mradi yawe mengi, angalau mililita 5. Kwa maji ya pembeni ya pafu na ya tumbo: chini, na hapa ndipo watu wengi hudanganyika.

Maji ya pafu, ya tumbo na ya mfuko wa dialisisi

Katika maji ya pafu, vimelea vyenyewe huwa kwenye utando. Yale maji ni hasira ya mwili tu. Ultra hasi kwenye maji haya hukosa nusu ya wagonjwa au zaidi, na ripoti inayosema "TB haikuonekana" imewarudisha nyumbani watu waliokuwa nayo. Kwa mgonjwa wa dialisisi kuna mtego wa ziada, kwa sababu maji pafuni ni jambo analolizoea kila mtu wodini. Maji ya kujaa mwilini kwa kawaida huwa pande zote mbili, yana protini kidogo, na hupungua uzito mkavu ukishushwa. Ya upande mmoja, yasiyopungua baada ya vipindi vitatu vinne vya kutoa maji vizuri, yavutwe na kupimwa.

Hapa kipimo cha bei ndogo, ADA, kinachopima kimeng'enya cha seli za kinga kwenye maji hayo, kinaishinda mashine kubwa. Kiwango cha zaidi ya uniti 40 kwa lita kwenye maji ya pafu yenye limfosaiti (aina ya chembe nyeupe) nyingi kinaelekeza sana kwenye TB. Karibu na hapohapo kwa maji ya tumbo. Kinaweza kudanganya kwenye usaha wa bakteria wa kawaida na kwenye limfoma, ndiyo maana hesabu ya chembe lazima iende pamoja nacho. ADA ikiwa juu, hatua inayofuata ni kinyama cha utando, kisha Ultra na kuotesha juu ya kinyama hicho.

Anayesafishwa kupitia tumbo, kwa maji ya dawa yanayoingizwa tumboni kisha kutolewa kwenye mfuko, anastahili maelezo yake. Mfuko unatoka na maji ya ukungu, chembe nyeupe zimezidi 100 kwa mikrolita, bakteria hazioti, na siku 5 za antibayotiki sahihi zimepita bila maji kung'aa. Fundi wa maabara aliyefundishwa kwamba TB ya tumbo huleta limfosaiti ataona nutrofili (chembe nyeupe za aina nyingine) nyingi na kuiondoa TB kwenye orodha. Ni kosa. Kwa wagonjwa wa mfuko, TB mara nyingi huanza na nutrofili kama maambukizi mengine yoyote. ADA nayo hushuka kwa sababu lita 2 za dawa zimeyazimua maji hayo. Kinachosaidia ni wingi: acha maji yakae tumboni angalau saa 2, chukua mililita 50 hadi 100, zungusha, na mashapo yaliyobaki chini ndiyo yapandwe kwenye vyombo vya kuoteshea, vya maji na vya kigumu, na mengine yaende Ultra. Kupeleka mililita 5 zilizochotwa juu ya mfuko ni kupeleka maji matupu. Yote yakishindikana, kamera ya tumboni na kinyama cha utando hutoa jibu kwa uhakika kuliko kurudia mifuko.

Maji yanayozunguka moyo yasiachwe kwa jina la "sumu za figo" kwa muda mrefu. Ya sumu hutarajiwa kupungua dialisisi ikiongezwa kwa wiki moja au mbili. Yasipopungua, yavutwe.

Kuotesha na darubini ya nyama

MGIT, mashine ya kuotesha vimelea kwenye mirija ya maji, ni ya polepole, hadi siku 42 kabla ya kutangaza hasi, na hatuwezi kuipendekeza kwa uamuzi wa wiki hii. Lakini usiiache. Ndiyo inayogundua usugu wa isoniazidi, dawa nyingine ya TB, ambao Ultra haiupimi kabisa, na ndiyo inayowapata baadhi ya wagonjwa walioponyoka vipimo vingine. Uchunguzi wa nyama kwa darubini hutoa picha ndani ya siku chache: vinundu vyenye kiini kilichooza mithili ya jibini.

Kosa linalotuuma kuliko yote katika mada hii ni chupa ya formalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze. Kinyama kinakatwa kwa shida, kwa mgonjwa anayetokwa damu kirahisi, halafu chote kinatumbukizwa kwenye formalini. Vimelea vinakufa, hakuna tena cha kuotesha, na kazi inarudiwa au inaachwa. Andaa chupa mbili kabla ya kumshika mgonjwa: moja ya formalini kwa darubini, nyingine ya maji ya chumvi safi kwa Ultra na kuotesha. Nyama ikiwa ndogo, chupa ya maji ya chumvi ipewe kwanza.

Kuhusu kutokwa damu: mgonjwa huyu ana chembe sahani (chembe za kugandisha damu) zisizoshika vizuri na heparini ya mara tatu kwa wiki. Ukataji upangwe siku isiyo ya dialisisi, kipindi cha kabla na cha baada yake kifanyike bila heparini, na desmopresini, dawa ya kupunguza kutokwa damu, ya mikrogramu 0.3 kwa kilo inaweza kutolewa kabla. Sindano nyembamba kwenye tezi ya shingo haihitaji mambo yote haya. Ni ya dakika chache na inatosha kwa wengi.

Vya kuachwa

LAM ya mkojo, ile Determine ya matone inayotafuta kipande cha ukuta wa kimelea cha TB, inataka mikrolita 60 za mkojo na inasomwa baada ya dakika 25. Imependekezwa kwa wenye VVU tu, na mgonjwa asiye na mkojo hana cha kuipa. Kama ana VVU na bado anakojoa, itumie.

Vipimo vya kingamwili vya damu vya TB, vile vya kitepe kinachotoa jibu papo hapo, visinunuliwe. Shirika la Afya Duniani lilivikataa mwaka 2011 kwa sababu vinakosea pande zote mbili.

Kinachoharibu vipimo vyote

Levofloksasini na siprofloksasini hupewa mgonjwa wa dialisisi kwa homa isiyoeleweka. Zote hupunguza nguvu ya TB bila kuiua. Homa inatulia wiki mbili, kila mtu anafurahi, vimelea vinaacha kuota kwenye chombo, kisha ugonjwa unarudi ukiwa umeshazoea dawa. Amikasini inayotiwa kwenye mfuko wa tumbo ina tabia hiyohiyo. Rifampisini inayoongezwa peke yake kutibu stafilokoka ya katheta ni hatari kuliko zote, maana inaitengenezea TB iliyofichika usugu wa dawa yake kuu. Sampuli zichukuliwe kwanza. Kama homa haiwezi kungoja, tumia antibayotiki zisizoigusa TB.

Na kama sampuli nzuri zimetoka hasi huku mgonjwa akizidi kudhoofika, daktari anaweza kuanza matibabu kwa dalili pekee, akiwa ameshaotesha. Isoniazidi na rifampisini hubaki za kila siku kwa dozi ya kawaida, pamoja na vitamini B6. Pirazinamidi na ethambutoli hutolewa mara tatu kwa wiki baada ya kipindi kwisha. Zikimezwa kabla, mashine itazitoa mwilini. Homa inapaswa kulegea ndani ya wiki chache na hamu ya kula kurudi. Kwenye fomu ya MGIT iandikwe namba ya kitengo cha dialisisi, maana jibu la wiki ya tano likitumwa kwenye wodi aliyolazwa mgonjwa, litamkuta ameshatoka zamani, ilhali kitini kwake atakuwapo Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.